"Estranger Things": kaburi la Marge limewapoteza mashabiki

Tarehe 18 Mei 2025 kituo cha televisheni cha Fox kiliirusha "Estranger Things", episodi ya kufunga msimu wa 36 wa The Simpsons, katuni ya Marekani kuhusu familia ya Homer, mkewe Marge na watoto wao Bart, Lisa na Maggie, na wiki kadhaa baadaye watu walikuwa bado wanazozana kuhusu jiwe la kaburi. Marge amekufa! Hivyo ndivyo walivyolalamika walioitazama na, kwa sauti kubwa zaidi, wale ambao hawakuitazama kabisa. Ikabidi Matt Selman, msimamizi wa kipindi, aeleze hadharani kwamba episodi zinazoonyesha maisha ya baadaye ni za kufikirika tu, na kila moja ina yake.

Shabiki wa siku nyingi hakuhitaji kuelezwa hayo. "Lisa's Wedding" ya 1995 ilimpa Lisa mchumba Mwingereza, Hugh Parkfield, katika mwaka 2010. "Bart to the Future" ya 2000 ikamfanya Lisa rais wa Marekani. "Holidays of Future Passed" ya Desemba 2011 ikamwoza kwa Milhouse, rafiki wa Bart, na kumpa binti anayeitwa Zia, huku Bart akiwa baba wa watoto wawili aliyeachana na mkewe. Katika hizo zote Marge yu hai. Hakuna anayeweza kuzipanga katika mstari mmoja, na waandishi hawajawahi kudai kwamba zinapangika. Hata maisha ya nyuma yanahamahama: "The Way We Was" ya 1991 inawakutanisha Homer na Marge shuleni mwaka 1974, kisha "That '90s Show" ya 2008 inawafanya vijana wa miaka ya 90. Haikwepeki. Bart ana miaka 10 na Lisa 8 tangu kipindi kianze Desemba 1989, kwa hiyo lazima wazazi wao wazaliwe upya kila baada ya muda.

Basi swali la kama Marge "kweli" amekufa halina uzito. Swali lenye uzito ni kama episodi imejengwa vizuri, na hapo kuna mengi ya kusema, mazuri na mabaya.

Kisa chenyewe kinaanza na kitu kidogo. Bart na Lisa, ambao hawaelewani kwa lolote, wana jambo moja la pamoja: kutazama katuni ya Itchy na Scratchy. Maggie naye anaanza kuipenda. Wakubwa wake wanaona aibu kupenda kitu kinachopendwa na mtoto mchanga, wanaiacha, na kamba pekee iliyowafunga pamoja inakatika. Wimbo ulioimbwa na Sarah McLachlan unapitisha miaka, Marge anazikwa, na tunatua miaka 35 mbele. Lisa ni mkuu wa ligi ya mpira wa kikapu NBA, Bart anaendesha nyumba ya wazee isiyo na leseni, na dada na kaka hawasemezani. Kinachowarudisha ni ujumbe wa video ulioachwa na mama yao.

Ukitaka kuipima episodi yoyote ya The Simpsons, ya juzi au ya miaka 30 iliyopita, anza na kipimo hiki: tatizo la dakika tano za kwanza, je, bado liko hai katika dakika tano za mwisho? Jaribu kuieleza hadithi kwa kuunganisha matukio kwa "kwa hiyo". Pale unapolazimika kusema "halafu", kiungo kimevunjika. "Estranger Things" inapita mtihani huu bila taabu. Maggie anapenda katuni, kwa hiyo wakubwa wanaiacha, kwa hiyo hawana tena sababu ya kukaa kochi moja, kwa hiyo mama akishaondoka hakuna anayewakalisha pamoja. Katuni iliyowatenganisha ndiyo inayowarejesha. Kifo cha Marge kiko humo kwa kazi maalumu: ameondolewa yule anayeshikilia familia, ili tuone kama itasimama. Anayekiita kiki ya kutafuta watazamaji hakufuatilia kazi hiyo.

Linganisha na "Saddlesore Galactica" ya Februari 2000, ambayo kwa mashabiki wengi ndiyo mfano wa kiungo kilichovunjika. Bendi ya shule ya Lisa inashindwa kwenye maonyesho kwa sababu wapinzani wametumia vijiti vya kung'aa. Halafu Homer na Bart wanapata farasi. Halafu farasi anaingia kwenye mbio. Halafu wapanda farasi wanagundulika kuwa viumbe wadogo wanaoishi chini ya ardhi. Ukifika hapo bendi imeshasahaulika, mpaka Bill Clinton anapoletwa dakika ya mwisho kuifufua. Waandishi wenyewe walijua: yule muuza vitabu vya katuni amevaa fulana yenye maneno ya kuiponda episodi hiyo hiyo, na anawakumbusha kwamba familia imewahi kumiliki farasi. Ni mzaha mzuri, lakini kulicheka shimo hakulifukii.

Udhaifu wa "Estranger Things" uko katikati, na chanzo chake ni hesabu ya muda. Episodi nzima ina dakika 22 hivi. Baada ya kuruka miaka 35, mtazamaji anahitaji kujulishwa kazi ya Lisa, biashara ya Bart, hali ya Homer mzee, sura mpya ya mji wao wa Springfield, na sababu ya wawili hawa kununiana. Hayo ni mambo matano, na kila moja lingependa dakika yake na utani wake. Matokeo ni kwamba nyumba ya wazee, yenye nafasi kubwa ya vichekesho kuliko kitu kingine chochote humu, inapitiwa mbio mbio. Ugomvi wa Bart na Lisa kama watu wazima tunaambiwa zaidi kuliko kuonyeshwa. Tungeona mlo mmoja ulioharibika, au simu moja iliyokatwa kwa hasira, upatanisho wa mwisho ungeuma zaidi. "Holidays of Future Passed" ilifaidika kwa kutua moja kwa moja kwenye maisha ya baadaye karibu na mwanzo, ikabaki na muda wa kukaa na wahusika. Hii imetumia sehemu kubwa utotoni, na inadaiwa.

Kuhusu wingi wa vichekesho, wanaosema vimepungua wana hoja, ila wanaipima vibaya. Misimu ya 3 hadi 8 ilikuwa na utani ndani ya utani, kibao ukutani kikishindana na maneno ya mhusika. Episodi za enzi ya Selman, ambaye amekuwa msimamizi mkuu tangu msimu wa 33, zinaacha nafasi ili hisia iingie. Huo ni uchaguzi. "Pixelated and Afraid" ya Februari 2022, ambapo Homer na Marge wanapotea porini bila nguo, haina hata hadithi ya pili ya kupokezana nayo, na ni kati ya bora za miaka ya karibuni. Kosa lingine la kulinganisha: zile za zamani umeziona mara 20 na unajua utani upo wapi, hii umeitazama mara moja, tena ukiwa umeshika simu. Itazame mara mbili kabla ya kutoa alama.

Tena usidhani kila dhahabu ya zamani ilipangwa. Katika "Cape Feare" ya 1993, Sideshow Bob, mhalifu anayetaka kumuua Bart, anakanyaga reki tisa, moja baada ya nyingine, kila moja ikimpiga usoni. Ilirefushwa hivyo kwa sababu episodi ilikuwa fupi na dakika zilihitaji kujazwa. Hata leo urefu wa utangulizi unakudokeza kitu: wimbo wa mwanzo, unaoishia kwa familia kukimbilia kochi sebuleni, ukikatwa na kuanza karibu na kochi hilo, ujue hadithi ilikuwa ndefu na kila sekunde inahesabiwa. Mzaha wa kochi ukivutwa sana, mara nyingi ni hadithi iliyopungua.

Sauti ndilo lalamiko ambalo halijibiki kwa hoja. Julie Kavner amekuwa Marge tangu vile vijikatuni vifupi vya 1987, na koo lake limezeeka. Mkwaruzo ni mzito na baadhi ya sentensi zinatoka polepole. Katika episodi ya kawaida, ambapo Marge ni mama wa miaka thelathini na kitu, sikio linashtuka. Hapa, katika ujumbe wa mama kwa watoto ambao hatawaona wakizeeka, uchovu ule unafaa kabisa, na ndiyo sababu onyesho hilo ndilo bora kuliko yote katika episodi. Dan Castellaneta, mwenye sauti ya Homer, naye anamfanya Homer mzee bila kumgeuza kikaragosi.

Kisha kuna mzaha wa peponi, ambapo Marge anaonekana yuko na Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles. Asiyejua ataona ni kichekesho cha mtu maarufu kilichodondoka kutoka hewani. Kumbe kinarudi hadi "Brush with Greatness" ya 1991: Marge akiwa msichana alimchora Ringo, akamtumia picha, na jibu likamfikia baada ya miaka mingi. Ukiitazama hiyo kwanza, mzaha wa mwisho unakaa mahali pake. Hata hivyo kuna bei yake, kwa sababu kicheko kinakuja mapema mno baada ya onyesho zito, na kwa mtazamaji mpya kinalizima.

Wanaotaka kulinganisha na za zamani kupitia Disney+, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni, wakague mpangilio wa picha kabla hawajahukumu. Misimu 19 ya kwanza, na sehemu ya wa 20, ilichorwa kwa fremu ya 4:3, iliyokaribia mraba kama televisheni za zamani. Kipindi kilihamia picha pana Februari 2009. Huduma ilipozinduliwa Novemba 2019, picha za zamani zilikatwa juu na chini ili zijaze skrini. Vichekesho vya macho vikapotea, na mfano unaotajwa kila mara ni kiwanda cha bia ya Duff: bia tatu "tofauti" zinatoka kwenye bomba moja, lakini fremu iliyokatwa inalificha bomba. Tangu Mei 2020 fremu ya asili inapatikana. Fungua ukurasa wa kipindi, nenda sehemu ya maelezo, uzime swichi ya uwiano wa picha uliorekebishwa. Mistari myeusi itatokea pembeni, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Alama: 7 kati ya 10. Kwa mtazamaji aliyeacha kipindi zamani, hii si ya kurudi nayo, kwa sababu inategemea sana mapenzi uliyokuwa nayo kwa familia hii. Arudi na "Pixelated and Afraid", inayosimama peke yake, kisha "Barthood" ya 2015, ambayo nayo inafuata chuki na upendo wa Bart kwa Lisa mpaka utu uzima, na inaufanyia kazi ule uhasama ambao "Estranger Things" imeurukia. Aliyebaki miaka yote hii aitazame tu, na leso iwe karibu kuanzia video inapowashwa.