Uzoefu wangu na uzi wa poliglaktini 910 uliopakwa utando: ulaini, mafundo na utunzaji

Uzi ninaouzungumzia ni poliglaktini 910, uzi wa upasuaji unaoyeyuka mwilini, uliosukwa na kupakwa utando, unene wa namba 1 na 2-0, wenye sindano ya nusu duara ya milimita 40. Ndio unaotoka zaidi kwenye thieta (vyumba vya upasuaji) nyingi: kushona mfuko wa uzazi baada ya upasuaji wa kujifungua, kufunga mishipa ya damu, kushona misuli. Nimeutumia wa viwanda mbalimbali. Kwa nguvu ya kuvuta hawapishani sana; kinachowatofautisha ni utando, na hapo ndipo mshonaji anapoona pesa yake imekwenda wapi.

Polima yenyewe, yaani malighafi ya uzi, ni glikolaidi asilimia 90 kwa laktaidi asilimia 10. Ikisukwa na kuachwa bila kupakwa, inakwaruza. Uzi unakwama kwenye nyama laini, na fundo linakaza pale lilipoanzia kabla hujalishusha hadi kwenye jeraha. Vicryl, jina la kibiashara la uzi huu, ilipoingia sokoni mwaka 1974 haikuwa na utando; iliyopakwa ilifuata mwaka 1979. Utando huo ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa poliglaktini 370 na kalsiamu stearati, ambayo ni ya jamii ya sabuni lakini haiyeyuki kwenye maji. Stearati inatelezesha, poliglaktini 370 inaishikilia isibanduke.

Kipimo cha utando ndicho kazi yenyewe. Ukizidi, unaingia katikati ya nyuzinyuzi na kuzigandisha pamoja, uzi unakakamaa kama ukambaa uliokaushwa juani. Ukipungua, mkwaruzo unarudi. Ukipakwa vibaya utauona kwenye glavu: unga mweupe unabaki vidoleni na uzi unaanza kuota manyoya kabla ya mshono wa tano. Uzi mzuri ukiuning'iniza unanyooka wima baada ya kuvutwa mara moja. Mbaya unabaki na pembe za mikunjo ya pakiti hata ufanyeje, na pembe hizo ndizo zinazonasa kwenye klempu (vibanio) na kujifunga zenyewe pembeni ya jeraha.

Ugumu wa kutoka kwenye pakiti unaondoka ukiufanyia hivi. Toa sindano kwa koleo ya kushikia sindano, uache uzi ufunguke wenyewe kwa mwelekeo mmoja. Shika uzi kwa vidole sentimita chache kutoka kwenye sindano, sio sindano yenyewe, kwa sababu ukivuta sindano unalegeza kiungo cha sindano na uzi. Mkono wa pili ushike mwisho. Vuta taratibu, kwa nguvu iliyo sawa, sekunde mbili au tatu, kisha achia. Nyuzinyuzi zilizogandishwa na utando zinaachana, mikunjo inanyooka. Mara moja inatosha. Usivute kwa kushtua ili kupima uimara, na usiupitishe uzi katikati ya vidole tena na tena: kila ukifanya hivyo unafuta utando ulioulipia.

Na tafadhali, usiuloweke. Desturi ya kutumbukiza nyuzi zote kwenye bakuli moja la salaini (maji ya chumvi) naipinga kwa nguvu zote. Ilitokana na katigati, uzi wa utumbo wa wanyama, ambayo hukaa kwenye pombe ndani ya pakiti na ikikauka hukakamaa. Hiyo unaweza kuichovya kidogo kwenye salaini ya joto la kawaida, kuchovya tu, bila kuiacha humo. Nailoni nayo ikilowa inalainika. Hariri ikilowa inapungua nguvu. Poliglaktini huvunjwa na maji, ndiyo njia yake ya kuyeyuka mwilini, kwa hiyo itumike kavu, moja kwa moja kutoka kwenye pakiti.

Upande wa mafundo, kile utando unachokupa wakati uzi unapita kwenye nyama unakudai wakati wa kufunga. Uzi unaoteleza vizuri unateleza pia kwenye fundo. Mimi naanza na mizungusho miwili, kisha mmoja mmoja mara tatu, kila mara nikigeuza mwelekeo ili fundo lilale bapa. Ukisahau kugeuza, au ukivuta upande mmoja zaidi ya mwingine, unapata kitanzi kinachoshuka, na kwa uzi huu kitalegea. Ncha ziache kama milimita 3. Koleo isibane uzi popote isipokuwa ncha utakayoikata, maana meno yake yanaponda utando na kukata nyuzinyuzi.

Sindano ishike theluthi mbili kutoka kwenye ncha. Hapo haipindi.

Stoo ndiyo inayoharibu uzi mzuri bila mtu kujua. Pakiti imeandikwa usizidi nyuzijoto 25, na stoo ya bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari haishuki hadi hapo bila kiyoyozi. Joto na unyevu vinaanza kuivunja polima kabla haijafika mezani, uzi unakatika wakati wa kukaza fundo na lawama inamwangukia aliyefunga. Pakiti ya foili ikishafunguliwa au kutoboka, uzi huo haurudi kabatini, na kuutakasa upya kwa mvuke ni kuuua.

Ndani ya mwili unabaki na nguvu kama asilimia 75 wiki ya pili, 50 wiki ya tatu, 25 wiki ya nne, na unamalizika kati ya siku 56 na 70. Kwa kizazi hiyo inatosha kabisa. Kwa tumbo lililopasuliwa katikati sikushauri. Ukuta ule unahitaji kushikwa muda mrefu zaidi, tumia polidioksanoni, uzi unaoyeyuka polepole zaidi. Juu ya ngozi pia siutaki, kwa kuwa uzi uliosukwa hubeba majimaji na vijidudu, utando au bila utando.

Ukinunua kwa ajili ya kituo, usiagize katoni kwa kuangalia bei tu. Omba pakiti mbili za sampuli, vuta uzi mara moja, funga mafundo kumi kwenye mpini wa koleo ukiwa umevaa glavu zilizolowa. Hesabu mangapi yamelegea na uangalie vidoleni kama kuna unga, ndipo usaini oda.