Dawati la nyaraka za serikali maktaba ya mkoa: nyota 4 kati ya 5, na nyota zote ni za mkutubi

Naandika hii kwa yeyote ambae saivi anazungushwa na ofisi akitafuta GN (Tangazo la Serikali), sheria ndogo ya halmashauri, ripoti ya CAG yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, au karatasi yoyote ile ya serikali. Kabla hujaandika barua ya pili, na kabla hujampa kishoka hata shilingi mia, nenda maktaba ya mkoa ukamuulize mkutubi. Mi nimetoka huko wiki iliyopita na mpaka leo inaniuma kwamba miezi yote ile hakuna mtu alieniambia.

Maktaba yenyewe siitaji. Mama alienihudumia aliniomba nisimuweke mtandaoni, na pale ukitaja maktaba umeshamtaja yeye maana wako wachache. Jua tu ni moja ya zile za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo ana shamba la iliki na migomba kule mlimani, ekari tano, kalirithi kwa babu. Mwaka jana wakaja watu wakapaka rangi nyekundu kwenye miti katikati ya shamba wakasema kuanzia hapa kupanda juu ni msitu wa hifadhi, mpaka upo kwenye GN. GN gani? Ya zamani. Ya mwaka gani? Ya zamani, enzi za mkoloni. Bas, mtu mzima wa miaka sitini na kitu anaambiwa hivyo na anaachwa amesimama shambani kwake. Nikaanza mimi kufuatilia. Ofisi ya kwanza wakasema andika barua, nikaandika. Nikarudi wakasema faili lipo Dodoma. Nikarudi tena, wakasema alieshika hiyo kazi yuko likizo, na siku hiyo natoka tu getini kijana mmoja akanifata akasema hiyo GN anaweza kunitolea kwa laki na nusu. Laki na nusu kwa kitu ambacho jina lake lenyewe ni Tangazo la Serikali!

Hapo ndo watu wengi tunapokosea na mi nilikuwa nimekosea hivyo hivyo. Tunadhani kila karatasi ya serikali ni ya kuombwa. Kweli tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia unajaza fomu na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30, na Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa. Itumieni hiyo sheria, ni yetu. Lakini hiyo ni kwa vitu ambavyo bado vimekaa kwenye makabati ya ofisi. GN imeshachapishwa, imeshatangazwa, haina siri yoyote. Shida yake ni moja tu, kuipata ilipo. Na kutafuta karatasi iliyochapishwa mahali fulani mwaka fulani ni fani kabisa, watu wanaisomea, wengine wametoka chuo cha ukutubi Bagamoyo, wamekaa maktaba miaka na miaka sisi tunawapita kwenda kujisomea notsi zetu.

Nilifika saa tatu asubuhi. Sehemu ya kusomea imejaa wanafunzi wa kidato cha sita, kila mmoja na daftari lake, hakuna hata mmoja aliegusa kitabu cha shelfu. Nikaenda kaunta, shikamoo mama, marahaba mwanangu, unatafuta nini. Nikamwambia natafuta GN ya msitu wa hifadhi. Nilitegemea aseme hatuna. Badala yake akavuta kiti akaanza kuniuliza, na naomba niyaandike maswali yake maana ndo huduma yenyewe ilipo. Msitu unaitwaje? Na zamani uliitwaje, wazee wanauitaje? Wilaya hiyo kabla haijagawanywa ilikuwa sehemu ya wilaya gani? Unataka GN iliyoutangaza msitu au unataka mpaka, maana mpaka unaweza kuwa umebadilishwa baadae? Hakuniuliza hata mara moja naitakia nini wala mimi ni nani. Nilipoanza kumwelezea mgogoro akanisikiliza kwa heshima alafu akasema, mwanangu hayo ni yenu, mi nipe majina.

Swali la wilaya ndo lilifungua kila kitu. Mi nilikuwa natafuta kwa jina la wilaya ya saivi ambayo mwaka ule haikuwepo kabisa, na jina la msitu mkoloni aliliandika alivyolisikia kwa sikio lake, herufi mbili tofauti na sisi tunavyoandika. Ukiweka kwenye Google jina la leo hupati kitu, hata ungekaa mwezi mzima.

Jambo la pili nililojifunza pale, na hili likae kichwani mwa kila mtu: Gazeti la Serikali linatoka kila Ijumaa, lakini ukilifungua hilo gazeti lenyewe unakutana na taarifa za kawaida, sijui nani kateuliwa, hati ya nani imepotea, mirathi ya nani. GN hazimo humo. GN zinakaa kwenye Nyongeza ya sheria ndogo, kijitabu cha pembeni kinachotoka pamoja na Gazeti, na maktaba nyingi huwa zinazijalidi Nyongeza peke yake. Kumbe mtu anaweza kupekua majalada ya Gazeti siku tatu akasema hakuna, wakati Nyongeza ziko shelfu ya nyuma yake. Na namba za GN zinaanza upya moja kila Januari, kwahiyo mtu akikupa namba bila mwaka hajakupa kitu. Watu wa Mbarali wanalijua hili vizuri, kule kwao GN 28 ya 2008 ya mipaka ya Hifadhi ya Ruaha hata mtoto anaitaja na mwaka wake, hawaachi mwaka nyuma.

Akanipeleka chumba cha nyuma. Majalada makubwa ya kitambaa chekundu kilichofifia mpaka kuwa rangi ya tofali, mgongoni mwaka umeandikwa kwa dhahabu iliyobanduka, ukilivuta moja vumbi linabaki na alama ya vidole. Karatasi za miaka ya hamsini zimekuwa rangi ya chai ya maziwa na pembeni zinamegeka, akanionyesha namna ya kufungua, unashika kona ya juu, sio unalamba kidole na kuvuta chini kama tulivyozoea. Akaanza na faharasa ya mwisho wa mwaka, mwaka wa kwanza hakuna, wa pili hakuna, wa tatu faharasa yenyewe imechanika, tukaenda ukurasa kwa ukurasa, yeye upande wake mi wangu. Kama masaa mawili hivi. Alafu akasema tu, hii hapa, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu alieona ufunguo wake.

Jedwali la mipaka lilikuwa aya moja ndefu ya Kiingereza isiyo na nukta, kuanzia nguzo namba fulani kwenye makutano ya vijito viwili, kufata kijito kushuka, kisha nyuzi kadhaa kwa futi kadhaa mpaka nguzo nyingine. Akanisomea polepole na kidole chake kikienda na mstari. Mwishoni kuna namba ya ramani inaanza na herufi JB. Mi ningeipita. Akaniambia hii ndo dhahabu yako, ramani yenyewe sisi hatuna lakini ukienda watu wa misitu na namba hii hawawezi kukwambia hawajui unataka nini. Na kweli, fomu yangu ya kuomba taarifa kwa ile sheria ya 2016 nimeijaza upya, mwanzo nilikuwa nimeandika "naomba mipaka ya msitu", saivi imeandikwa GN, tarehe, ukurasa na namba ya ramani.

Nilishafurahi, nimeshatoa simu nimpigie baba mdogo, maana kwa jinsi lile jedwali lilivyosema kijito ndo mpaka na shamba lipo ng'ambo. Mama akanizuia. Akasema usikimbie na hii, tangazo likitoka linaweza kurekebishwa, tutafute mbele. Nakiri nilitamani kuondoka. Tukatafuta mbele, mwaka kwa mwaka, na tukaikuta, marekebisho ya miaka michache kabla ya uhuru, yamesogeza kipande kimoja cha mpaka kuvuka kijito. Kwa nilivyoelewa mimi, ekari kama mbili za baba mdogo ziko ndani na tatu ziko nje. Nikamuuliza yeye, mama we unaonaje, tumeingia? Akakataa katakata. Mi nakuonyesha karatasi, tafsiri siyo kazi yangu, nikikwambia nikakosea utapoteza shamba kwa maneno yangu. Akaniandikia kwenye kikaratasi kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria, niulizie ustawi wa jamii halmashauri wanipe walio karibu. Na akaniambia wazi kwamba nakala ya kutoka pale haina muhuri wowote, ikifika mahali inatakiwa nakala rasmi niende kwa Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali.

Kishoka angeniuzia ile ya kwanza peke yake, hilo sina shaka nalo. Tungeenda nayo kichwa juu mpaka barazani, tungeumbuliwa mbele ya kijiji kizima.

Kwa muda niliokaa pale wamekuja na wengine. Mzee mmoja alikuwa anataka lile tangazo la kupotelewa hati yake, anakumbuka mwezi tu, dakika ishirini kaondoka nayo. Binti mmoja wa kikundi cha akina mama alitaka kujua CAG alisema nini kuhusu mikopo ya asilimia kumi (ile ya akina mama, vijana na walemavu inayotoka kwenye mapato ya halmashauri) kwenye halmashauri yao, mama akamwelekeza kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, akamwonyesha kwamba ripoti ya serikali za mitaa ni kitabu chake peke yake na aanzie kwenye viambatisho nyuma ambako halmashauri zimetajwa kwa majina. Hukumu na sheria akasema ziko kwenye tovuti ya TanzLII ya Mahakama, bure, hulipii kitu. Yaani hajakwambia tu "iko mtandaoni" akakuacha na bando lako.

Nilimuuliza kama hii kazi ni ya lazima kwake au ni moyo wake. Akasema ndo ukutubi wenyewe. Akaniambia Marekani wakutubi wa nyaraka za serikali wana kundi lao ndani ya chama chao tangu 1972, na kule kuna maktaba ambazo serikali inazipelekea machapisho yake bure, ila kwa sharti la kisheria kwamba mwananchi yeyote akiingia aruhusiwe kuyasoma, hata kama ni maktaba ya chuo binafsi. Kwetu sheria ya Bodi ya 1975 inataka wachapishaji wapeleke nakala maktaba ya taifa, ila mikoani huko inategemea mkutubi anafatilia kiasi gani. Huyu anafatilia. Akitembelewa na afisa yeyote wa halmashauri hamwachi mpaka aahidi nakala ya sheria ndogo mpya.

Sasa mapungufu, maana nyota moja nimeitoa. Kuna majalada hayapo, kama miaka minne mitano ya themanini ni pengo tupu na hakuna anaejua yalienda wapi. Seti ya sheria ni ya Toleo la 2002 wakati tayari tuna Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, mtu asiejua anaweza kunakili kifungu kilichokufa zamani. Mashine ya fotokopi ilikuwa haina wino, nikatoka na jalada? Hapana, hairuhusiwi na ni sawa kabisa, nikapiga picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha alafu nikazichapa steshenari ya nje. Na nje ya jengo hakuna kibao chochote kinachosema humu kuna Gazeti la Serikali tangu enzi za Tanganyika. Hili la kibao ndo linaniumiza zaidi ya yote, kwasababu haligharimu kitu, na watu wanapita pale mbele kila siku wakielekea kuzungushwa.

Kubwa kuliko yote, mama yule amebakiza muda mfupi astaafu na sijaona anaemfundisha. Kijana wa kaunta ni mzuri ila kazi yake ni kadi na viti. Kama kuna mtu wa Bodi anasoma hapa, naomba sana mpeni mtu wa kukaa nae hata miezi sita, yale maswali yake hayajaandikwa popote.

Ukienda: nenda asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa, beba simu yenye chaji, jina la sasa na la zamani la mahali, wilaya mama, na makisio ya mwaka. Kama una mzee wa kumuuliza majina muulize kwanza kabla hujatoka nyumbani. Barakoa sio mbaya kama una mafua ya vumbi.

Baba mdogo nimempelekea karatasi zote mbili Jumamosi. Akazisoma, akaniuliza hii ya pili ndo inayochukua kule juu kwenye iliki? Nikamwambia inaonekana hivyo ila tumsikilize msaidizi wa kisheria kwanza. Akazikunja pamoja akaziweka kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari. Kikao cha kijiji ni Alhamisi na amesema anaenda nazo zote mbili.