Dola 200 za dhamana kwa deni la kisimbuzi ambacho sijawahi kukigusa

Miezi imepita na hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe nikipaza sauti. Kama uko Marekani, hasa hapa Texas, na unajiandaa kwenda kuunganishwa televisheni na intaneti kwenye nyumba mpya, soma hii kabla hujaingia dukani kwa kampuni hii ya televisheni na intaneti.

Huduma yenyewe sina ugomvi nayo. Chaneli zipo, mpira unaonekana, intaneti haikatiki. Bei na kasi mtasoma wenyewe. Mimi nazungumzia robo saa niliyosimama kwenye kaunta yao.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumepanga nyumba kwa jina letu, kusini magharibi mwa Houston. Kabla ya hapo tuliishi chumba kimoja kwa mzee mmoja, umeme na maji vikiwa ndani ya kodi, na kodi hiyo sikuwahi kuichelewesha hata siku moja. Ilikuwa kiangazi. Joto la Houston hata mtu wa Dar analiheshimu. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mimi nimeshika mkataba wa nyumba na kitambulisho, tunafurahi kama watu wanaoanza maisha.

Mhudumu akachukua namba yangu ya Social Security, ile ya serikali ambayo rekodi zako hutafutwa kwayo, akaandika kwenye kompyuta, akanyamaza. Alikuwa na kucha ndefu za rangi ya machungwa, akawa anazigonga kwenye kaunta, tik tik tik, huku anasoma. Kisha bila kunitazama akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Wewe ni dola 200 dhamana kabla ya chochote. Krediti yako mbaya."

Krediti ni rekodi ya jinsi unavyokopa na kulipa. Nyuma yangu walikuwepo watu sita au saba. Nikauliza mbaya kivipi. "Kompyuta ndiyo imesema." Nikauliza imetoa wapi habari hizo, kwa sababu mimi sidaiwi na mtu. "Hiyo siyo kazi yangu. Unalipa, au nimwite anayefuata?" Tik tik tik.

Nimelelewa kuona deni ni aibu. Marehemu baba alijenga nyumba yetu kwa kununua bati mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao, mpaka paa likaisha, na hakumkopa mtu hata misumari. Hapa Marekani nilikuwa na kadi moja tu ndogo ya benki, ile ambayo unaweka kwanza dola zako mwenyewe kama dhamana ili wakukopeshe hizo hizo, kwa sababu wenzangu waliniambia bila kadi hutajenga krediti. Nilikuwa nailipa yote kila mwezi. Halafu leo naambiwa mbele za watu kwamba mimi ni mlipaji mbaya.

Nililipa. Ningefanyaje? Mke wangu anasoma kwa intaneti, lazima iwepo. Dola 200 zile zilitoka kwenye pesa ya mama ya kliniki, nikamtumia nusu mwezi ule na nikamdanganya kwamba kazini wamepunguza saa. Hilo ndilo siwezi kulisamehe hadi leo.

Sasa nieleze nilichokuja kujua baadaye, maana wengi wetu tunalipa kimya kimya tukidhani ndiyo sheria ya nchi. Ndiyo, wanaruhusiwa kuangalia krediti yako kabla ya kukupa umeme, simu au televisheni, kwa sababu unatumia kwanza ndipo unalipa, na huo kwao ni mkopo. Krediti hupimwa kwa alama, na zinazotumika zaidi huanzia 300 hadi 850. Ukiwa chini, au ukiwa huna alama kabisa, wanaweza kukudai dhamana. Lakini kuna sheria ya mwaka 1970 inayolinda taarifa hizi. Kampuni ikikupa masharti mabaya kwa sababu ya taarifa za krediti, lazima ikuarifu: zimetoka kampuni gani ya kutunza rekodi, na kama wametumia alama, ni alama gani. Ukishapata taarifa hiyo una siku 60 za kuomba ripoti yako bure. Na haya siyo maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2013 kampuni ya televisheni ya Time Warner Cable ilikubali kulipa dola milioni 1.9 baada ya serikali kuishtaki kwamba iliwatoza wateja wa alama za chini dhamana au malipo ya mwezi mmoja mbele bila kuwapa taarifa inayotakiwa. Miaka miwili baadaye Sprint ikalipa dola milioni 2.95 kwa kosa la aina hiyo hiyo upande wa simu.

Mimi sikupewa hata kipande cha karatasi. Nilipewa risiti ya dola 200.

Wiki ile ile niliwapigia watu wa umeme. Nao wakaona rekodi ile ile, nao wakataka dhamana. Lakini sikilizeni tofauti. Kijana wa kwenye simu alinieleza polepole: hapa Texas dhamana ya umeme ina kikomo, haizidi moja ya tano ya makadirio ya bili za mwaka mzima, au makadirio ya miezi miwili ijayo, ipi ni kubwa. Ukilipa bili zako miezi 12 mfululizo bila kuchelewa, wanakurudishia pamoja na riba. Kama ulikuwa na umeme kwa jina lako kwingine na ulilipa vizuri, leta barua ya kule na dhamana inaondoka. Barua hiyo sikuwa nayo kwa sababu umeme ulikuwa wa yule mzee. Basi akaniambia kuna umeme wa kulipa kabla, hawaangalii krediti, hakuna dhamana. Nikamwambia hiyo naijua, kwetu inaitwa LUKU. Akacheka. Tukachukua hiyo. Kila siku ujumbe unaingia kwenye simu kuonyesha salio, bei ya uniti iko juu kidogo, ila hakuna aliyenidhalilisha. Rekodi ni ile ile na namba ni ile ile. Kumbe inawezekana kumwambia mtu "hufikii kiwango" bila kumvua nguo.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo aliyetokea Bukavu, ana miaka mingi hapa. Akasema, "Papa, usilie, uliza karatasi yako." Nikapiga simu makao makuu ya wale wa televisheni mara ya kwanza, wakanizungusha. Mara ya pili nikataja ile sheria. Baada ya siku kadhaa barua ikaja, na ndani yake jina la kampuni yenye rekodi na alama yangu, chini ya 600. Nikaomba ripoti.

Jamani. Kwenye ripoti kulikuwa na deni moja lililopelekwa kwa wakusanya madeni: dola mia mbili na kitu, kisimbuzi na rimoti ambavyo havikurudishwa, anwani ya Columbus, Ohio. Sijawahi kukanyaga Ohio. Mwenye deni ana majina mawili kama yangu, ila la tatu ni tofauti. Mnajua majina yetu ya Kiislamu, ukiita jina langu msikitini siku ya Ijumaa wanageuka watu wanne. Kompyuta ikatuona mtu mmoja. Yaani nilimnyima mama yangu pesa ya kliniki kwa ajili ya rimoti ya mtu wa Ohio.

Niliiandikia kampuni yenye rekodi kulipinga, nikaambatanisha kitambulisho na mkataba wa nyumba. Wana siku 30 za kuchunguza. Walilifuta kabla hazijaisha. Jirani akanionya pia kwamba mbali na zile kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, liko daftari lingine la simu, televisheni za kulipia na huduma za nyumbani, linaitwa NCTUE, na humo nako una haki ya kuomba ripoti yako. Niliomba. Kule nilikuwa msafi. Ila tangu hapo nina kawaida mpya: kifaa chochote cha hawa watu nikikirudisha, nakipeleka kwa mkono, napiga picha namba ya nyuma, naondoka na risiti.

Nilipowapigia tena wa televisheni na ushahidi wangu, nikapata dada mpole sana. Aliomba radhi, kwa kweli aliomba radhi, na akairudisha dola 200 yote, siyo mkononi bali kwenye bili, kwa hiyo miezi miwili na kidogo sikulipa kitu. Na fundi aliyekuja kufunga nyaya alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akafunga, akajaribu, akamfundisha mke wangu rimoti. Fundi yule ni nyota tano. Hapo nilikuwa nimepoa. Nilikwisha kuandika nyota tatu kichwani, nikisema makosa hutokea, na kweli kosa la kuchanganya majina halikuwa lao.

Halafu juzi juzi nikaenda dukani kwao kubadilisha kifaa kilichoharibika. Kaunta ile ile, kucha zile zile, safari hii za bluu. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja na binti yake wa kama miaka kumi na miwili, ndiye anayemtafsiria. Kwa Kiswahili chao nikajua ni Wakongo. Nikasikia tik tik tik. Nikasikia: "Mwambie baba yako krediti yake mbaya. Dola 200." Mtoto akageuka, akasita. Anamwambiaje baba yake kwamba yeye ni mbaya? Akasema kwa sauti ndogo, "Papa, wanasema uko na deni." Mzee akashika kifua, "Deni ya nani? Mimi nimefika mwezi wa nne huu." Na mkono unaenda mfukoni.

Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Mzee, usilipe kwanza. Waombe karatasi inayosema kwa nini." Binti akatafsiri. Mhudumu akanitazama mimi, akamtazama mzee. Nikarudia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba mteja anaomba taarifa yake kama sheria inavyosema.

Akabonyeza kitufe. Karatasi ikatoka kwenye mashine iliyo pale pale chini ya kaunta, haikufika hata dakika moja. Binti akaisoma, nami nikaisoma juu ya bega lake. Mzee hakuwa na krediti mbaya. Iliandikwa kwamba hakuna rekodi ya kutosha kutoa alama, na hiyo ni kweli, maana hata alama ya FICO, ile inayotumika zaidi, haitoki mpaka uwe na akaunti iliyofikisha angalau miezi sita. Mtu mgeni asiye na rekodi aliambiwa na mwanawe wa kumzaa kwamba ana deni, kwa sababu mtu wa kaunta hakutaka kubonyeza kitufe.

Mzee alikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaondoka bila kulipa. Nikawaelekeza kwa wale wa umeme wa kulipa kabla, na nikampa binti namba ya jirani yetu.

Nyota tatu nimezifuta. Nawapa moja, na mkataba wangu ukiisha nahama.