Kitengo cha fursa sawa chuoni: wahudumu safi, utaratibu unachosha

Naandika kwa ajili ya wenzangu wasioona na wengine wenye ulemavu mnaojiuliza kama kitengo cha fursa sawa chuoni kina faida yoyote. Mi kimenihudumia na nasema kina faida, tena kubwa, ila jipangeni mapema.

Kwenye mitihani nawapa tano kwa tano. Napewa chumba changu, muda wa ziada na kompyuta yenye NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ipo tangu 2006 na waanzilishi wake Michael Curran na James Teh wenyewe hawaoni. Kuna watu wanadhani muda wa ziada ni upendeleo, jamani sio, jedwali ambalo mwenye macho analitupia jicho tu kashajua namba ipi kubwa mi nalisikiliza kisanduku kimoja kimoja, nikisahau cha juu narudi kuanza upya. Afisa mmoja alimweleza hivyo hivyo lekchara aliyekuwa anabisha, kwa upole kabisa, ubishi ukaisha.

Sasa kero. Fomu ya kuomba huduma wameiskani wakaiweka kama picha, NVDA ikifika pale haipati hata neno moja la kusoma, yaani fomu ya mtu asiyeona inabidi utafute anayeona akujazie, na humo ndani wanauliza habari za afya yako ambazo hupendi kila mtu azijue!! Noti za malekchara wengi nazo ni hivyo hivyo. Ukiomba wanakugeuzia ziwe maandishi lakini zinakuja darasa lishahamia mada nyingine. Halafu kila semista ulete upya cheti cha daktari, macho yangu hayajabadilika na hayatabadilika, foleni ya nini tena?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, umeitaja elimu ya juu waziwazi na kutaka tufanyiwe marekebisho yanayofaa, kwa hiyo kudai noti zinazosomeka sio kuomba hisani.

Upande wa malalamiko ya ubaguzi sijaugusa mwenyewe, siusemei.

Nyota tatu. Ukitaka kujiandikisha waandikie kabla semista haijaanza, taja kozi zako zote, omba noti za wiki za mwanzo hapo hapo, na majibu yao yote yatunze kwenye barua pepe maana maafisa wanabadilishwa.