Programu ya kupanga milo ya mgonjwa wa sukari, nimeitumia miezi mitatu kwa mama

Bi mkubwa ana sukari, na tangu aje kukaa na mimi hapa Mbagala ugomvi ulikuwa chakula tu, huyu anasema asiguse wali, yule anasema dona hata ale sinia zima haina shida. Nikapakua programu moja ya kupanga milo, ipo ya simu na ya kompyuta, unaingiza chakula inakuhesabia wanga halafu inakupangia wiki nzima.

Wiki ya kwanza nilitaka kuifuta jamani. Imetengenezwa Marekani, chai ya asubuhi inampangia mama maziwa ya mgando na matunda ambayo hapa sijui nitayatoa wapi. Ukitafuta ugali zinakuja sita, watu wamejiwekea wenyewe na kila mmoja na namba yake, sasa ushike ipi?

Nikaenda Kariakoo nikanunua mzani wa jikoni, nikawa napima unga kabla haujaingia sufuriani, maana ugali ukishaiva maji hayalingani kila siku. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga kama gramu 75, na kliniki walishamwambia mama asizidi 60 kwa mlo, kumbe sahani yake ya kawaida ilikuwa unga gramu 150, yani wanga zaidi ya 110 maharage bado hujaweka! Nilishtuka sana. Namba za mihogo, dagaa, mchicha nilizitoa kwenye majedwali ya vyakula vya Tanzania ya 2008, yale ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, nikaziingiza mwenyewe usiku kucha. Baada ya hapo programu ikawa nzuri mno, pishi unaliandika mara moja tu kugawa inagawa yenyewe. Sasa mama anakula dona la unga gramu 50, mchicha mwingi, samaki, maharage kidogo, na anashiba. Asubuhi kabla hajala kipimo cha sukari kilikuwa kinasoma 11 mpaka 12 (mmol/L), siku hizi 7 au 8.

Ila muwe makini na hili. Haijui dawa. Siku mama kala pilau la shughuli mchana, usiku ikampangia saladi tupu ili kufidia, wakati vidonge anavyomeza vinashusha sukari, angelala hivyo sukari ingeweza kwenda chini ya 4, ambayo ni hatari, akiwa usingizini. Nilikataa nikampa kiazi kitamu na mboga, kesho yake nikauliza kliniki wakasema nimefanya vizuri.

Kiingereza chote pia, mama haiwezi peke yake, kila Jumapili namwandikia milo kwenye karatasi nabandika kwenye friji. Ya kulipia sijaona haja, ya bure inatosha.