Nyumba ya mbao juu ya tela: thamani yake iko ukutani

Kwa mnaofikiria hizi nyumba ndogo za kuvuta na gari, sisi tunaishi ndani ya moja, tumechongewa na karakana ya Mafinga, na tumeikokota Njombe, Makambako, Makete mpaka Tukuyu, huku Nyanda za Juu Kusini Tanzania, maana kazi yetu mimi na mume wangu ni miche ya parachichi na lazima ulale kitalu kilipo. Urefu mita 6, upana mita 2.4, kitanda kiko juu darini, chini jiko, meza ya kukunja na choo. Kanuni za ujenzi za Marekani zinahesabu nyumba ndogo ni isiyozidi mita za mraba 37, hii yetu haifiki hata 15, kwa hiyo mkiwa mmenuniana hakuna chumba cha kwenda.

Sasa watu wote wakija wanauliza sola, wakati cha kumuuliza fundi kwanza ni ukuta amejaza nini. Baridi ya Juni na Julai mnaijua, kule Kitulo asubuhi nyasi zina barafu, na nyumba ya mbao tupu yenye bati ni mateso. Yetu kati ya mbao za nje na za ndani wamejaza pumba za mpunga kavu zilizochanganywa na chokaa kuzuia wadudu, pumba zenyewe Usangu zipo hadi zinachomwa moto, na aisee inafanya kazi, mkipika ugali jioni mkazima gesi mkafunga madirisha joto linakaa mpaka usiku mwingi. Jiko la mkaa haliingii humu kabisa na nawaomba sana msiingize, chumba kidogo hivi ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Na yale matundu mawili ya hewa usiyazibe hata baridi ikuzidi, ukiziba asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro linaota ukungu.

Ila pumba zinashuka na mtikisiko wa barabara, baada ya safari ndefu juu ya ukuta panabaki wazi na baridi inapita hapo hapo. Fundi wetu kwa hili nampa maua yake, ubao wa juu kabisa kaufunga kwa skrubu, unafungua unajazia unarudisha. Akikuchongea bila huo ubao usipokee. Na mbao za chini ziwe zile za paina zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, maana ukiegesha shambani muda mrefu mchwa watakutembelea.

Maji nayo nimeyapenda kuliko nilivyotegemea. Mvua ya milimita 10 juu ya bati la ukubwa huu ni kama lita 140, na Tukuyu ambako kwa mwaka inapita milimita 2,000 tanki linafurika, tunaoga, tunafua, miche inanyweshwa. Ukitoka hapo ukaja Mbeya mwezi wa nane ni madumu tu, hakuna muujiza.

Choo ni cha kikavu, mkojo unaenda kwake, kingine unafunika na maranda, Mafinga maranda viwandani yamejaa tele. Hakinuki ukikifuata. Kile kinachotoka kikae mwaka mzima kioze vizuri ndio kiende kwenye miti, kwenye mboga za majani usithubutu. Sola taa, simu na friji ndogo freshi, hita ya kuogea inayokula kilowati 3 na kuendelea sahau, na siku za ukungu Njombe hata friji unaizima.

Kilichonikera ni tela. Tumekabidhiwa halina breki zake lenyewe, linategemea breki za gari, tukashuka nalo kutoka Isyonje kwenda Tukuyu likawa linaisukuma gari kabisa, nilikuwa namshika mume wangu bega nasali. Karakana ikatufungia breki baadaye tena kwa hela yetu, na hapo sijaridhika mpaka leo, mtu anauza kitu cha tani kadhaa Nyanda za Juu Kusini kwenye miteremko hii breki zinakuwaje za kuongezea? Dai breki kabla hujalipa malipo ya mwisho, dai na miguu ya jeki pembe zote nne, upepo wa Makambako bila jeki nyumba inayumba usiku kucha hamlali.

Kwa bei, tungepata pick-up nzuri ya mtumba, na sehemu kubwa imekula tela, matairi na usajili wake. Kwetu tunaohama inalipa kabisa, kodi za vyumba kila mji zilitumaliza. Ambaye ana kiwanja chake na hahami, aagize nyumba hii hii bila tela, aiweke juu ya nguzo za mlingoti (mkaratusi) zilizotiwa dawa, hela inayobaki aongeze unene wa ukuta na tanki kubwa zaidi.