Ukumbi wa mjusi wa Tendaguru, Berlin: mifupa imetunzwa, historia imebanwa

Ukitaka kumwona mjusi wa Tendaguru, dinosaria mkubwa aliyechimbwa Lindi, kusini mwa Tanzania, shuka na treni ya U6 kituo cha Naturkundemuseum, uende Invalidenstraße 43. Jumatatu wanafunga. Asubuhi za siku za kazi madarasa ya watoto wa shule hujaa, kwa hiyo mchana ndiyo afadhali. Ukishakata tiketi, ukumbi wa dinosaria uko mbele yako, chini ya paa la kioo.

Mjusi huyo, kwa jina la kisayansi Giraffatitan brancai, amesimama mita 13.27 kwenda juu. Mtazame kwanza kutoka mbali, maana ukisogea miguuni kichwa hukioni vizuri. Kazi ya kumsimamisha ni ya kiwango cha juu sana, ila ujue unachokitazama. Sehemu kubwa ya mifupa ni ya mnyama mmoja, na mapengo yamezibwa kwa mifupa ya wengine wa ukubwa unaokaribiana. Pingili za shingo na mgongo ni za kutengenezwa: zile halisi ni nzito na zinavunjika kirahisi, haziwezi kutundikwa. Fuvu lililo juu nalo ni nakala.

Usimpite Diplodocus aliye jirani. Huyo wote ni nakala, zawadi ya tajiri wa Marekani Andrew Carnegie kwa Kaisari Wilhelm II mwaka 1908. Dola kubwa za wakati ule zilishindana hata kwa mifupa, na mwaka uliofuata Berlin ilianza kuchimba mjusi wake halisi katika koloni lake.

Hapa ndipo ukumbi unapopwaya. Umepangwa kueleza wanyama na mazingira yao ya miaka milioni 150 iliyopita, na unaeleza vizuri. Miaka ya 1909 hadi 1913, ambayo ndiyo sababu ya mifupa hii kuwa Berlin, imepewa nafasi ndogo mno. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 tu, mashamba yakachomwa na njaa ikaua watu wengi kusini. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na ardhi ya Tendaguru ikatangazwa kuwa mali ya dola. Kibarua cha kuchimba kilipatikana katika hali hiyo. Kuwaita wachimbaji “walioajiriwa” bila maelezo hayo kunampotosha msomaji.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kwa msimu mmoja walifika takriban watu 500. Walichimba mahandaki, wakafunua mfupa polepole, wakaukinga kwa udongo au plasta, kisha wakaufunga ndani ya vipande vya mianzi vilivyokazwa kwa kamba. Wapagazi walibeba mizigo hiyo kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, umbali wa kilomita 60 hivi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Baadhi ya mafurushi ya mianzi hayajafunguliwa hadi leo, yako ghalani. Kwa maoni yangu furushi moja lilistahili kuwekwa katikati ya ukumbi, kwa sababu linaonyesha ufundi wa watu wa Lindi kuliko bango lolote.

Soma pia majina ya kisayansi. Brancai ni Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho wakati ule. Dysalotosaurus lettowvorbecki, mdogo aliyemo ukumbini humo humo, amepewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la kikoloni. Mzee Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo mjusi mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Msimamizi Mohammadi Keranje na watu wake Wamwera walikumbukwa mwaka 2019, kwa Wamweracaudia keranjei. Kanuni za kutaja spishi haziruhusu jina la zamani kufutwa kwa sababu linachukiza. Kwa hiyo mzigo wote uko kwenye kibao cha maelezo: kiseme Lettow-Vorbeck alikuwa nani na jeshi lake liliwafanyia nini wapagazi.

Kwa mifupa natoa nyota tano. Kwa historia, mbili.

Suala la kumrudisha mjusi limefika Bungeni Dodoma zaidi ya mara moja, na jibu linalorudiwa ni kwamba mifupa ni dhaifu na gharama ni kubwa. Lakini mwaka 1984 mjusi huyu alifunguliwa akapelekwa Tokyo kuonyeshwa, kisha akarudishwa Berlin. Alifunguliwa tena kwa ukarabati uliokamilika 2007. Kwa hiyo kusafiri anaweza. Maswali ya kweli ni mengine: jengo lenye joto na unyevu unaodhibitiwa, sakafu inayohimili uzito, mafundi wa kuunganisha mifupa, na bajeti ya matunzo ya kila mwaka. Hayo yote Berlin inaweza kuanza kuyachangia Lindi sasa, kwa kusomesha mafundi na kutoa nakala kamili, kabla ya uamuzi wa mwisho kufanyika.